Nani analipia dhamiri? Uchambuzi wa kisa cha chombo huru cha habari za chakula Dar es Salaam

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu chombo kidogo cha habari za chakula kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2020 na watu watatu: mhariri aliyepunguzwa kazi gazetini, mpiga picha aliyekuwa akiishi kwa kazi za harusi, na mpishi aliyesomea hoteli lakini aliyelelewa kwa kipato cha mama yake, mama lishe wa siku nyingi. Nilikifuatilia kwa karibu kama mshauri wa hesabu na taratibu za uhariri. Majina ya watu, ya chombo, ya mitaa na ya kampuni zilizohusika yameondolewa, na mambo machache ya pembeni yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike.

Ninakiandika kwa sababu vyombo vya aina hii vinazidi kuanzishwa katika miji yetu, na karibu vyote huanza na nia ileile njema ya kumpa heshima mpishi wa kawaida. Hoja yangu ni kwamba nia hiyo ina gharama zinazohesabika kwa shilingi. Chombo kisichoziingiza kwenye bajeti tangu mwanzo hakiziepuki; huishia kumtwisha mpishi yuleyule ambaye kilikusudia kumheshimu.

## Usuli

Habari za chakula zilizokuwa zikipatikana mtandaoni kwa Kiswahili wakati huo zilikuwa za aina mbili: video za mapishi ya nyumbani, na sifa za migahawa ya Masaki na Oysterbay, ambazo nyingi zililipiwa na wenye migahawa wenyewe. Katikati palikuwa na pengo kubwa. Fundi ujenzi, kondakta wa daladala na karani wa ofisi za Posta, wote mchana hula kwa mama lishe: wali maharage, ugali dagaa, ndizi nyama, makande. Hata hivyo mpishi huyo, anayelisha sehemu kubwa ya jiji, alikuwa akiingia kwenye habari kwa nadra na kwa sababu zisizomhusu kama mpishi. Alitajwa kama chanzo cha hatari wakati wa maradhi, kama ilivyokuwa katika mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015, au alipigwa picha akipokea kanga wakati wa kampeni za uchaguzi.

Waanzilishi walitaka kumwandika kama mtu mwenye ujuzi na hesabu zake. Walitaka kufuatilia gunia la mchele kutoka Kyela hadi kwenye sahani, bei ya mkaa, ushuru wa kila siku, mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu ambayo wanawake wengi huitumia kununua bidhaa za asubuhi, na vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyoanza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2018 kwa shilingi 20,000, ambavyo wapishi wengi waliviamini kuwa ni kinga ya kutosumbuliwa. Njia zao zilikuwa YouTube, Instagram na makundi ya WhatsApp. Lugha ilikuwa Kiswahili pekee, na walikubaliana tangu mwanzo kwamba hawatapokea chakula cha bure kwa mtu yeyote wanayemwandika.

## Maamuzi ya mwanzo: usajili, leseni na bajeti

Mhariri alipendelea shirika lisilo la kiserikali, kwa kuwa wafadhili wengi hawatoi ruzuku kwa kampuni. Njia ya kati ya zamani, yaani kampuni yenye ukomo wa dhamana, ilikuwa imebanwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliyozitaka kampuni za aina hiyo zinazofanya kazi za kijamii zihamie kwenye usajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali. Mwishowe walisajili kampuni ya kawaida ya hisa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa kampuni, kwa sababu walitaka uhuru wa kuuza huduma na kutumia mapato yao bila kila habari kugeuka kuwa shughuli ya mradi inayodai ripoti. Ninaona uamuzi huo ulikuwa sahihi. Hata hivyo, katika katiba ya kampuni hapakuwa na kifungu hata kimoja kilichowataja wapishi, na hilo lilikuja kuwa na uzito baadaye.

Leseni ilikuwa mzigo wa mapema. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizoanza mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na kwa viwango vya mwanzo, ukijumlisha ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka, gharama ilizidi shilingi milioni 2. Watatu hawa waliamua kutorusha video yoyote kabla leseni haijatoka, ingawa wenzao wengi walikuwa wakirusha bila leseni. Mhariri alisema kwamba chombo kitakachouliza maswali kuhusu ushuru na mgambo hakiwezi kujiweka mahali ambapo kinafungiwa kwa kosa la karatasi. Mtaji ulitoka kwenye akiba zao na mkopo wa VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, uliochukuliwa kwa jina la mama wa mpishi.

Bajeti yao ya kwanza ninaikumbuka vizuri. Ilikuwa na nauli, vocha za intaneti, leseni, kadi za kumbukumbu, posho ya kijana wa kuhariri video, na akiba ya kutengenezea kamera. Mapato waliyoyategemea yalikuwa ya matangazo ya YouTube, ambayo huanza kulipwa chaneli inapofikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Mpishi atakayepigwa picha hakuwa na mstari wake. Walidhani kujulikana kungemtosha.

## Siku ya kwanza ya kupiga picha

Walianza kwa mama lishe mmoja aliyekuwa na genge la turubai jirani na ghorofa lililokuwa likijengwa. Alikuwa na majiko matatu ya mkaa, mabenchi mawili na meza iliyofunikwa kwa mpira wa maua. Maharage aliyaloweka usiku, akayabandika saa kumi alfajiri. Kufikia saa nne alikuwa amekwishakuna nazi, amekwishakaanga samaki, na sufuria kubwa ya wali ilikuwa imepaliwa makaa juu ya mfuniko. Kikosi cha kamera kilifika saa tano, wakati ambao mpiga picha aliuona kuwa mzuri kwa sababu chakula kilikuwa kinapendeza na watu walikuwa karibu kuja.

Watu walikuja, wakaiona kamera, wakasita. Vibarua wa ghorofani wengine walivuta kofia zao chini, wengine wakaomba wafungiwe chakula waondoke nacho, wengi wakavuka kwenda genge la jirani. Kibarua mmoja aliomba video isitoke kwa sababu nyumbani walijua yuko Morogoro. Ilipofika saa tisa karibu nusu ya sufuria ya wali ilikuwa bado imejaa, na maharage yalikuwa yameanza kukauka. Mama yule hakugomba. Alimwambia mpishi wa chombo, aliyekuwa rika la binti yake: “Mwanangu, mmenipiga picha nzuri sana, nawashukuru. Ila watu wangu wanakula wameinamia sahani. Mkiwanyanyua vichwa, kesho hawaji.”

Jioni ile kulikuwa na mabishano ambayo kwangu ndiyo moyo wa kisa hiki. Mhariri alishikilia kanuni aliyoikuta gazetini: chanzo cha habari hakilipwi, kwa kuwa anayelipwa huanza kusema yanayompendeza mlipaji. Mpishi alijibu kwamba mama lishe hakuwa ametoa habari tu. Alikuwa amefungua sehemu yake ya biashara saa ya mauzo, na chombo kilikuwa kimemtia hasara ambayo gazeti halijawahi kumtia mtu kwa kumhoji maswali matatu.

Walifikia utaratibu ambao hadi leo ninauona kuwa jambo bora kuliko yote waliyoyafanya. Kamera ingefika alfajiri na kuondoka kabla ya saa tano na nusu, na wateja wasingepigwa picha za uso. Mama lishe angelipwa kiasi kinacholingana na faida yake ya mchana mmoja kwa hesabu yake mwenyewe, malipo hayo yangeitwa fidia ya muda, na mwishoni mwa kila video mtazamaji angeambiwa wazi kwamba fidia imelipwa. Pia angeonyeshwa video kabla haijatoka, akawa na haki ya kusahihisha ukweli na kuondoa kitu kinachohatarisha usalama wake, bila kuwa na haki ya kufuta maoni ya wengine. Yule mama wa kwanza alirudishiwa hasara yake siku iliyofuata.

Lakini utaratibu huo haukupelekwa kwenye bajeti. Fidia iliandikwa chini ya “matumizi mengineyo”, pamoja na maji ya kunywa na betri. Robo ya kwanza ya mwaka 2021 fedha zilipopungua, kipengele hicho ndicho kilichokatwa kwanza, na wapishi kadhaa walipigwa picha kwa ahadi ya kulipwa baadaye. Wawili kati yao walilipwa baada ya miezi mingi.

## Udhamini uliokataliwa

Wakati huohuo wa ukata, kampuni moja ya viungo vya kupikia ilikuja na pendekezo: vipindi 12, na katika kila kimoja mama lishe aonekane akitia kiungo hicho kwenye sufuria. Fedha zilizoahidiwa zilikaribia matumizi yao ya mwaka mzima.

Mpishi alitaka wakubali, na hoja yake ilikuwa nzito kuliko mhariri alivyotaka kuikubali. Wapishi wengi walikuwa wakikitumia kiungo kile tayari, alisema, kwa hiyo uongo uko wapi? Na kwa nini usafi wa chombo ulindwe kwa fedha ambazo zingelipa fidia zilizokuwa zikidaiwa? Mhariri alipendekeza tangazo la wazi kabla ya kipindi, lisiloingia jikoni. Kampuni ikakataa. Pendekezo likaanguka kwa kura mbili dhidi ya moja, na mpiga picha, ambaye kura yake ndiyo iliyoamua, alirudi kwenye harusi kwa miezi kadhaa ili kodi ya nyumba yake ilipwe.

Badala yake wakaanzisha uanachama wa shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia simu. Ulianza vizuri, kisha Julai 2021 tozo za miamala ya simu zikaanza, na ingawa zilipunguzwa Septemba mwaka huohuo, hasira ya watu dhidi ya kutuma fedha kwa simu iliwafikia. Baadhi ya wanachama waliacha, wengine wakaomba kulipa mara moja kwa miezi 6. Chombo kilikubali malipo ya muda mrefu, na kwa bahati njema hilo liliwapa fedha taslimu wakati ambao hawakuwa na kitu.

## Ramani, na Oktoba 2021

Kazi iliyowapatia jina ilikuwa ramani. Waliwaorodhesha mama lishe na baba lishe zaidi ya 100, kila mmoja na picha yake, alama ya kumtambulisha mahali alipo, chakula anachosifika nacho, bei ya sahani, na namba ya simu. Wapishi walifurahi na wateja wapya wakaja. Ridhaa ilichukuliwa kwa mdomo, wakati wapishi wakiwa wanahudumia watu, na swali waliloulizwa lilikuwa rahisi mno: “Tukuweke kwenye ramani?” Nani angekataa?

Kisha likaja agizo la kuwapanga upya wafanyabiashara wadogo. Mwishoni mwa Oktoba 2021 barabara nyingi za Dar es Salaam zilisafishwa, vibanda vikabomolewa, na waliokuwa na vitambulisho vya shilingi 20,000 wakagundua kwamba karatasi ile haikuwapa haki ya kubaki pale walipo. Ramani ikawa haina maana kwa siku chache. Jambo baya zaidi lilitokea pembeni. Watu waliojifanya maofisa walianza kuwapigia wapishi simu, wakiwataja kwa jina na kwa mahali walipokuwa wakiuzia, na kuwataka watume fedha ili wawekewe nafasi katika masoko mapya. Mama mmoja alituma shilingi 50,000. Hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba namba yake ilitoka kwenye ramani, lakini maelezo aliyotajiwa kwenye simu yalifanana na yaliyoandikwa pale, neno kwa neno.

Usiku uleule namba zote ziliondolewa. Suala la fedha za yule mama lilichukua muda zaidi. Mhariri aliona kwamba kulipa ni kukiri kosa lisilothibitishwa; mpishi aliona kwamba mama wa watu asiachwe alale na hasara hiyo peke yake. Watatu walichanga kutoka mifukoni mwao wakamrudishia nusu, kwa kuwa kampuni haikuwa na mfuko wa jambo kama hilo.

Walichofanya baada ya hapo kilikuwa cha thamani kubwa. Orodha ya namba walibaki nayo ofisini, wakampigia mpishi mmoja baada ya mwingine, na kila jioni wakatoa kwenye WhatsApp ujumbe wa sauti: fulani aliyekuwa karibu na kituo fulani sasa yuko ndani ya soko fulani, mlango wa nyuma, anauza vilevile. Mteja aliyetaka kumpata alipiga namba ya chombo, nacho kikamuunganisha baada ya mpishi kukubali. Ujumbe huo haukupambwa wala kuwekewa muziki. Ulisambaa katika makundi ya mafundi, ya bodaboda na ya makarani kuliko video yoyote waliyowahi kutengeneza, na wapishi kadhaa walisema kwamba wateja wao wa zamani waliwafuata kwa sababu yake.

## Huduma ya oda na malalamiko ya mteja

Masoko mapya yalikuwa na wateja wachache. Kutoka kwenye simu zile za kuunganisha watu likazaliwa wazo la oda: ofisi ziagize chakula cha mchana, bodaboda wapeleke kwenye hotpoti, na chombo kichukue kamisheni kwa kila sahani. Mwaka 2022 ulipofika katikati, huduma hiyo ilikuwa ikiingiza zaidi ya nusu ya mapato yote. Fidia zote zilizodaiwa zililipwa. Kila mtu alifurahi, nami pia, kwa sababu kwa mara ya kwanza hesabu zilisimama.

Oktoba 2022 kina cha maji katika Mto Ruvu kilishuka na jiji likaingia kwenye mgawo wa maji. Wapishi walinunua maji kwa madumu, bei ikapanda, na maji ya kusuuzia sahani yakaanza kutumika mara nyingi kuliko inavyofaa. Mwezi uliofuata wafanyakazi kadhaa wa ofisi moja walipata maumivu ya tumbo na kuharisha siku ileile, baada ya kula pilau iliyopelekwa na huduma ya oda. Chanzo hakikuthibitishwa na daktari yeyote. Malalamiko yalitumwa kwa heshima, na yakataka maelezo.

Chombo cha habari kinachojitegemea kilikuwa na habari kubwa mikononi: jinsi mgawo wa maji unavyoingia kwenye sahani ya mtu wa kawaida. Habari hiyohiyo ingeweza kuua huduma iliyokuwa ikilipa mishahara na kumchafulia jina mpishi ambaye hakuwa na hatia iliyothibitishwa. Mhariri aliandika makala nzuri sana kuhusu bei ya dumu la maji na namna wapishi walivyokuwa wakibana matumizi. Hakutaja malalamiko ya ofisi ile. Nia ilikuwa kumlinda mpishi, nami naamini hivyo, lakini matokeo yake ni kwamba chombo kilikilinda pia chenyewe. Mmoja wa waliougua aliisoma makala, akaandika hadharani kwamba waandishi wanajua zaidi ya walivyosema, na akaweka picha ya ujumbe wa malalamiko.

Uanachama ulishuka. Baada ya siku chache za kimya walichapisha maelezo kamili: kwamba wanaendesha huduma ya oda na wanachukua kamisheni kwa wapishi wanaowaandika, kwamba walipokea malalamiko tarehe fulani, na kwamba hawakuyataja. Mpishi wa pilau hakutajwa jina. Oda zilisimamishwa, na mpishi huyo alipoteza ofisi zote zilizokuwa zikiagiza kwake ingawa jina lake halikutajwa, kwa sababu ofisi zilijua nani alikuwa akiwapikia.

## Ruzuku ya nishati safi

Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na fedha za kuutangaza zikawa nyingi. Chombo kilipata ruzuku ya kutengeneza mfululizo kuhusu mama lishe waliohamia gesi. Waligundua haraka kwamba wengi walihamia nusu: chai, mayai na chapati kwa gesi, maharage na makande kwa mkaa, kwa kuwa maharage yasiyokwisha kuiva humaliza mtungi mdogo kabla ya wiki kwisha, na mkaa hununuliwa kwa kopo kulingana na fedha iliyopo siku hiyo ilhali gesi hudai fedha ya mtungi mzima kwa mkupuo.

Mfadhili alitaka hadithi za mafanikio. Safari hii walikuwa na kinga ambayo hawakuwa nayo mwaka 2021: mkataba ulisema kwamba mfadhili haoni video kabla haijatoka. Vipindi vilitoka vikiwa na mkaa ndani yake, pamoja na hesabu ya mtungi. Ruzuku haikuendelezwa.

## Hali ilivyo sasa

Chombo kipo, ni kidogo kuliko kilivyokuwa mwaka 2022. Huduma ya oda ilikabidhiwa kwa kikundi cha wapishi wenyewe, ambacho kina akaunti yake na katibu wake, nacho hakimlipi chombo kamisheni. Mapato yanatoka kwa wanachama wanaolipa kwa nusu mwaka, kwa mafunzo ya kupiga picha za chakula yanayotolewa kwa hoteli na vyuo, na kwa matangazo ya wazi yasiyoingia jikoni. Mpishi mwanzilishi aliondoka, akawa mshauri wa kikundi kile. Mpiga picha bado anapiga harusi Jumamosi.

## Uchambuzi

Ukipima chombo hiki kwa idadi ya watazamaji, kazi yake bora ilikuwa ramani. Ukipima kwa manufaa kwa wapishi, ilikuwa ule ujumbe wa sauti wa jioni, ambao uligharimu vocha na uvumilivu wa kupiga simu. Tofauti ya kazi hizi mbili inafundisha mengi. Ramani iliwatoa wapishi hadharani na kuwaacha huko. Ujumbe wa sauti uliweka chombo katikati, mpishi akawa na nafasi ya kukubali au kukataa kila simu. Taarifa za mtu anayefanya kazi pembezoni mwa sheria haziwi salama kwa sababu ameziruhusu siku moja akiwa anapakua wali, maana hali yake inaweza kubadilika kwa tangazo moja la mkoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, sasa inalifanya jambo hili kuwa wajibu, lakini hata kabla yake lilihitaji swali refu zaidi kuliko “Tukuweke kwenye ramani?” Wapishi walipaswa kuulizwa ni nani hawataki awapate.

Kuhusu fidia, sikubaliani na wanaosema kwamba ilivunja kanuni ya uandishi. Kanuni ya kutolipa chanzo ilitungwa kulinda ukweli kati ya anayesema na anayesikiliza, na fidia iliyotangazwa wazi, inayolipwa kwa kiwango kimoja bila kujali mpishi amesema nini, haiugusi ukweli huo. Kushindwa kulikuwa kwa kihasibu. Gharama iliyofichwa kwenye “matumizi mengineyo” haina mtetezi siku fedha zinapopungua, ilhali leseni na intaneti zina watetezi wakali, kwa sababu bila hivyo hakuna kinachorushwa. Ningependa kila chombo cha aina hii kiwe na mstari wa fidia ya wapishi uliowekwa juu ya posho za waanzilishi, na mfuko mdogo wa madhara, ili mama aliyetapeliwa asisubiri mabishano kuhusu nani amekiri kosa gani. Na kwa kuwa bajeti hubadilishwa na yeyote mwenye saini, mambo hayo yaandikwe kwenye katiba ya kampuni. Umbo la kampuni halikuwazuia kufanya hivyo; ni kwamba hakuna aliyependekeza.

Kukataa udhamini wa viungo kulikuwa sahihi, ingawa sababu iliyotolewa haikutosha. Hoja ya mpishi kwamba hapakuwa na uongo ilikuwa ya kweli. Tatizo lilikuwa kwamba sufuria ya mama lishe ingekuwa imeuzwa na mtu mwingine. Kampuni ingelipa chombo, chombo kingetumia jiko lake, naye angepata fidia ya mchana mmoja. Kama mazungumzo yangeanzia hapo, huenda wangeweza kuitaka kampuni iingie mkataba na wapishi wenyewe, kila mmoja akiwa na haki ya kukataa. Mhariri aliulinda usafi wa chombo, mpishi akautetea mkate wa watu, na hakuna aliyewauliza wenye masufuria.

Kosa zito kuliko yote lilikuwa huduma ya oda, na uzito wake ulitokana na wema wake. Iliwasaidia wapishi kweli, ililipa madeni kweli. Ndiyo sababu hakuna aliyeitazama kama mgongano wa maslahi hadi ilipokuwa imekwisha kushika mhimili wa mapato. Chombo huru hukumbuka kuogopa fedha za kampuni kubwa, na mara nyingi husahau kwamba fedha zinazotoka kwa watu kinaowapenda hufunga mdomo kwa upole zaidi. Tangazo la mistari miwili, lililowekwa tangu siku ya kwanza chini ya kila habari inayomhusu mpishi aliye kwenye huduma, lingeondoa sehemu kubwa ya aibu ya Novemba 2022. Makala ya maji ingeweza kutoka na malalamiko ndani yake bila kumtaja mpishi, na ingekuwa makala bora zaidi, kwa kuwa ingeonyesha mgawo wa maji ukifika hadi kwenye tumbo la karani. Kuikabidhi huduma kwa kikundi cha wapishi kulitatua mgongano, ingawa kuliondoa nusu ya mapato. Sioni njia nyingine ambayo ingeviacha vyote viwili, uandishi na biashara, vikiwa hai.

Ruzuku inahitaji maneno machache tu. Walifanya vizuri kuweka sharti la uhariri kwenye mkataba, na walilipia sharti hilo kwa kunyimwa awamu ya pili. Hatari ya kutegemea wafadhili inajulikana hata katika nchi zenye fedha nyingi zaidi. The Counter ya Marekani, iliyoheshimika kwa uandishi wa kina kuhusu chakula, ilifungwa mwaka 2022 baada ya kukosa fedha za kuiendesha. Chombo hiki kiliitumia ruzuku kama msimu wa mvua, kikanunua kamera na kulipa fidia za mwaka mmoja mbele, na kwa hiyo ruzuku ilipokauka hakikufa.

Limebaki jambo moja ambalo halijapata utaratibu. Mama wa video ya kwanza alifariki mwaka 2023, na video yake bado inatazamwa kuliko nyingine. Binti zake wawili hawakubaliani: mmoja anataka ibaki, mwingine anaumia kila inapomfikia kwenye simu. Chombo kimeiondoa kwenye matangazo na kuacha kupokea mapato yake, kikakubali kwamba mapato yaliyokwisha kuingia tangu kifo chake yapelekwe kwa familia. Nakala zilizopandishwa upya na watu wengine, bila jina lake na zikiwa na muziki juu ya sauti yake, zinaendelea kuzunguka, na kijana wa kuhariri video hutenga asubuhi ya kila Jumatatu kuandika maombi ya kuziondoa. Kazi hiyo sasa ina mstari wake kwenye bajeti.